Ukuta Unamlinda Nani?

Tunapozungumza juu ya ukahaba kanisani, mara nyingi tunaanza kwa kuuliza ni nani aliyetenda dhambi. Hapa tunapenda kuuliza swali jingine. Serikali inapoipa dhambi mtaa wake, kanuni zake na kibali chake, ukuta unaojengwa unamlinda nani? Historia ya mji wa Tokyo, nchini Japani, inaweza kutusaidia kutafakari.

Mwaka 1617, mji huo ulipokuwa bado unaitwa Edo, watawala wa ukoo wa Tokugawa waliruhusu madanguro yakusanywe mahali pamoja, katika mtaa wa Yoshiwara. Mwenye danguro aliyeomba kibali, Shōji Jin'emon, alitoa hoja za busara: utaratibu huo ungezuia wasichana kutekwa na ungerahisisha kuwatambua wahalifu. Baada ya moto mkubwa wa 1657, mtaa ulihamishiwa pembeni ya mji, ukazungushiwa handaki la maji na kuwekewa lango kuu moja lenye walinzi.

Wanaume waliingia na kutoka. Wanawake hawakuwa na ruhusa hiyo. Wengi wao waliuzwa na wazazi maskini wangali watoto, na fedha waliyopokea wazazi iliandikwa kuwa deni la binti. Wengi waliokufa bila ndugu wa kuwazika walipelekwa katika hekalu la Jōkan-ji, ambalo watu waliliita hekalu la kutupia.

Mwaka 1872 meli ya Peru iitwayo Maria Luz ilitia nanga Yokohama ikiwa na vibarua Wachina walioteswa. Japani ikawaachilia huru. Ndipo upande wa nahodha ukajibu kwamba Wajapani wenyewe wanauza binti zao. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kuwafungua wanawake wa madanguro na kufuta madeni yao. Lakini tazama hoja iliyotumika: wanawake hawa wamekwisha kupoteza haki za kibinadamu, wako kama ng'ombe na farasi, na hakuna anayemdai ng'ombe deni. Walifunguliwa kwa maneno ya kuwadharau. Tena, kwa kuwa hawakupewa kazi wala mahali pa kwenda, wengi walirudi. Madanguro yakabadilishwa jina yakawa nyumba za kupangisha vyumba, na vibali vikaendelea.

Walikuwapo Wakristo walioona jambo hili. Yajima Kajiko na wenzake walianzisha umoja wa wanawake Wakristo wa Tokyo mwaka 1886, na mwaka 1894 wakafungua nyumba ya makimbilio. Mwaka 1900 watu wa Jeshi la Wokovu waliingia Yoshiwara kuwaambia wanawake kwamba wanaweza kuondoka. Walipigwa.

Vibali vilifutwa mwaka 1946, lakini polisi waliendelea kuizungushia mitaa hiyo mstari mwekundu kwenye ramani zao na kuiachia biashara iendelee. Sheria ya kupiga marufuku ukahaba ilipitishwa mwaka 1956, na adhabu zake zikaanza Aprili 1958. Sheria hiyo ilikataza kuuza na kununua pia. Hata hivyo, mwanamke aliyewaita wateja hadharani aliwekewa adhabu, na mnunuzi hakuwekewa.

Hatudharau sheria. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba Mungu huitumia kuzuia uovu usienee. Anayesema kwamba bila mpaka uovu ungefika kila mlango hasemi upuuzi. Lakini sheria ni kama boma: humzuia fisi, haimlishi kondoo. Na huko Edo boma lilijengwa kondoo akiwa upande mmoja na fisi, na ufunguo akapewa fisi.

Tukumbuke Yohana sura ya 8. Mwanamke analetwa mbele ya Yesu, imesemwa amefumaniwa katika tendo lenyewe, lakini mwanamume hayupo. Yesu hamhukumu, wala haiiti dhambi yake kuwa si dhambi. Anamfungulia njia ya kwenda na kuishi upya. Yote mawili yamo katika neno lake, nasi hatuna ruhusa ya kuchagua moja.

Basi tujipime. Binti wa usharika anapopata mimba nje ya ndoa, hutengwa na Meza ya Bwana, na jina lake hujulikana. Je, mwanamume wake anaulizwa wapi? Anaporudi kutoka mjini yule ambaye kazi yake kila mtu anaifahamu, je, kuna kikundi cha akina mama kitakachompokea, mtaji mdogo, chumba cha kulala? Au tunampa toba bila chakula, kama amri ile ya 1872?

Waraka kwa Waebrania unatufundisha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango, nao unatuita tumwendee huko. Wapo watu ambao tumewaweka nje ya lango letu, na tunawafahamu kwa majina. Tuanze na hao.