Watu Huasi kwa Nini?

Huku kwetu Ilongero mrina asali ajua jambo moja: nyuki wakishatoka mzingani kwa hasira hawachagui wa kumuuma. Huumwa aliyewachokoza, huumwa na mtoto apitaye njiani. Katika nchi hii ya Wanyaturu husimuliwa habari za Liti, mwanamke aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, nyuki wakiwa silaha yake. Uwanja wa michezo wa Singida mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, umepewa jina lake. Ni haki akumbukwe. Lakini yatupasa pia kujiuliza: watu huasi kwa nini, na ni nani hulipa?

Tutazame Vita vya Majimaji. Tangu mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliwalazimisha watu wa pwani na kusini kulima mashamba ya pamoja ya pamba. Tena palikuwa na kodi, na kiboko cha akida. Mtu aliacha shamba lake liote magugu ili apalilie la serikali, na ujira ulikuwa haba hata wengine wakaukataa. Akitaka kushtaki, ashtaki kwa nani, ila kwa yule yule aliyempiga? Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba, na vita vikaanza.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hakuyazua manung'uniko hayo, aliyakuta. Pasipokuwa na sikio la kusikiliza, yeye alileta dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Walioiamini hawakuwa wajinga kuliko sisi. Aliyefungiwa milango yote hupita dirishani, hata kama nje pana shimo.

Na nani alilipa? Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905. Mwezi huo huo Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, ambao hawakuwa watoza kodi wala maakida, waliuawa safarini. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kisha maghala na mashamba yakateketezwa, ili njaa imalize kazi ya risasi. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Wengi wao hawakupata kushika mkuki. Baadaye Gavana von Rechenberg alikomesha mashamba yale ya kulazimishana. Yaani neno lililoweza kusikilizwa mwaka 1904 lilingoja makaburi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtawala dhalimu ndiye mchochezi hasa, maana ndiye avunjaye umoja wa watu; lakini pia kwamba si halali kumwangusha ikiwa madhara yatakayofuata yatazidi udhalimu wenyewe. Mafundisho haya mawili hayatengani. Wakubwa hupenda kukumbuka la pili tu, na wenye hasira la kwanza tu.

Basi, uasi hauanzi siku ya mkuki. Huanza siku mnyonge anaposema naye huambiwa anyamaze. Hilo hutokea barazani, shuleni, hata nyumbani, na sisi mapadre tusijitoe. Mwenye madaraka asikilize mapema, wakati neno lingali neno. Naye mwenye kuonewa aseme mapema, kwa kweli na kwa ushujaa, wala asipokee maji ya mtu amwahidiye ushindi usio na gharama. Maana gharama ipo daima, na mara nyingi hulipwa na mtoto aliyekuwa akipita njiani.