Mvuvi wa Trauti na Swali la Hume

Trauti wa kwanza kuletwa Kenya walikuwa na asili ya Uskoti. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alipandikiza trauti wa kahawia, wa ukoo wa ziwa la Loch Leven, katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Ziwa hilo haliko mbali na Edinburgh, alikozaliwa mwanafalsafa David Hume mwaka 1711. Mwaka 1739 Hume aliuliza: kama jambo limekuwa hivi hadi jana, tuna hoja gani ya kuamini litakuwa hivyo kesho? Alijibu kwamba hoja hatuna, tuna mazoea.

Mvuvi anayetumia nzi bandia hukutana na swali hilo kabla hajalowesha uzi, maana hukisia ya leo kwa aliyoyaona siku zilizopita. Huanza kwa kuchovya kipimajoto. Kati ya nyuzi 10 na 16 trauti hula vizuri. Zikipita 20 huanza kutaabika, kwa kuwa maji yakipata joto oksijeni hupungua. Kisha hutazama rangi. Mto ukiwa na tope zito baada ya mvua ya usiku, nzi haonekani. Maji yakianza kupungua na kutakata, samaki husogea kando kuokota wadudu na minyoo iliyosombwa. Mawingu yakitanda, anaweza kukaribia zaidi bila kivuli chake kumsaliti. Jua likiwaka juu ya maji maangavu, hufunga uzi mwembamba na kumwendea samaki kwa nyuma, maana trauti hukaa akielekea mkondo unakotoka.

Halafu kuna barometa.

Wavuvi wengi wanaamini kuwa kanieneo la hewa likishuka, samaki hugoma. Karibu na Ikweta, kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa hektopaskali chache tu. Trauti akizama sentimita 10, maji humwongezea karibu hektopaskali 10. Kila anapopanda kudaka mdudu na kurudi chini, hupitia badiliko kubwa kuliko la hewa ya siku nzima. Hata hivyo imani hiyo haifi: mvuvi akitoka kapa hulaumu hewa, akipata hujisifu mwenyewe.

Hume asingemwachia hata mwenye kipimajoto atambe. Kwamba maji ya joto hushika oksijeni kidogo, nalo tumelijua kwa kuona likitokea tena na tena. Lakini yeye mwenyewe alitaka imani ilingane na uzito wa ushahidi, na ushahidi huo unaweza kukusanywa. Mvuvi makini huandika joto, rangi ya maji, mawingu na kanieneo, pamoja na anachotarajia, kabla ya kurusha. Jioni huongeza alichopata, siku za kapa zikiwemo. Daftari hilo linaweza kuizika barometa au kuitetea. Na furiko likihamisha mawe na kufukia kilindi alichokizoea, kumbukumbu za sehemu hiyo huanza ukurasa mpya.