Sikudanganya, Nilinyamaza Tu

Mwaka jana niliuza gari. Lilikuwa gari dogo la mtumba kutoka Japani, injini ya lita moja, silinda tatu. Ukisimama kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni, utayaona ya aina hiyo kumi kushoto na kumi kulia. Nilikaa nalo miaka minne na nilijua tabia zake kama unavyomjua mtu mnayelala chumba kimoja.

Asubuhi halikuwa na neno. Shida ilianza baada ya dakika arobaini za foleni, gia boksi ikishapata joto. Ni gia boksi ya CVT, ile isiyo na gia za kuhesabu. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Oili yake ikichoka na kupata moto sana, presha hushuka na mkanda huanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linatetemeka na haliendi. Ukilipumzisha nusu saa, linasahau yote.

Dalali alinipa ushauri mmoja: "Braza, mteja aje asubuhi. Akiuliza mjibu, asipouliza usimfundishe."

Mteja akaja Jumamosi saa mbili asubuhi, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja na mdogo wake wa kiume, bila fundi. Akaliwasha, akajaribu AC, akazunguka mtaa mara mbili. Halafu akaniuliza, "Kaka, halina tatizo lolote?" Nikamjibu, "Dada, mimi naenda nalo kazini kila siku."

Kila neno hapo ni kweli. Akalipa.

Tangu siku hiyo kuna swali haliniachi: hivi kunyamaza ni kudanganya?

Swali lenyewe ni la zamani kuliko magari. Cicero, katika De Officiis aliyoiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anatupa mfano wa mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na shehena ya nafaka mpaka Rhodes, wakati njaa imepandisha bei kisiwani. Njiani ameziona meli nyingine nyingi za nafaka zikielekea huko huko. Je, awaambie watu, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Cicero anawashindanisha Wastoa wawili. Diogenes wa Babylon anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, na asiseme uongo; zaidi ya hapo, kutosema si sawa na kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, anakataa: sisi binadamu tumefungamana, unawezaje kuwanyima wenzako habari inayowafaa kiasi hicho? Cicero anasimama upande wa Antipater. Kwake, kuficha ni kutaka, kwa faida yako, mwenzako asijue unachokijua wakati kukijua kungemfaa.

Niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Dalali wangu hajawahi kumsikia Diogenes, ila hoja ni ile ile.

Na tusimwonee dalali. Hoja yake ina uzito. Mtumba ni mtumba, na bei imeshuka kwa sababu ya hatari hiyo hiyo. Mnunuzi ana macho, na hakuna aliyemkataza kuja na fundi. Fundi mzuri atataka aikute injini ya baridi, maana iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika huficha mengi. Atafungua kifuniko cha oili. Akikuta utando mweupe kama uji wa maziwa, atashuku maji yanaingia kwenye oili, pengine gasketi ya silinda hedi imeungua. Atatazama moshi: wa bluu, injini inakula oili, mweusi, inachoma mafuta kupita kiasi, mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, maji yanaungua humo ndani. Ataangalia kama maji ya rejeta yana kutu. Atakata usukani mpaka mwisho na kuondoka taratibu, asikie kama jointi za mbele zinagonga. Atafungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya cheki injini isipoonekana kabisa, huenda kuna mtu ameizima makusudi.

Hayo yote anayetafuta atayaona, na hapo nakubali kwamba wajibu unagawanyika kati ya anayeuza na anayenunua. Lakini kasoro yangu mimi haikuwa ya kuonekana. Fundi gani atakaa dakika arobaini kwenye foleni na gari la watu? Iliyajua mambo yake mtu mmoja tu, mimi. Naona kadiri jambo linavyojulikana na wewe peke yako, ndivyo deni la kulisema linavyokuwa lako peke yako.

Tena, nikiwa mkweli, sikunyamaza tu. Nilipanga saa. Kumwita mteja saa mbili asubuhi ni kitendo, ndugu wa kile cha kumimina oili nzito kwenye injini iliyochoka ili moshi upungue mpaka gari liuzwe. Wengi wetu tumesikia habari ya Mtume sokoni: alitia mkono kwenye lundo la chakula, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutokiweka juu kile kilicholowa, watu wakione. Asubuhi ile ilikuwa nafaka yangu kavu.

Na hasara haiishii kwa mwalimu. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Nobeli ya uchumi. Anasema mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati tu. Mwenye gari zima ataona anapunjwa, atajitoa, na sokoni yatabaki mabovu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko letu hata kizuri hakijiuzi, maana watu kama mimi tumefanya kisiaminike.

Wiki tatu baadaye mwalimu akapiga simu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Samahani kaka, nakusumbua. Gari likikaa kwenye foleni linatetemeka. Wewe ulikuwa unalipeleka kwa fundi gani?"

Afadhali angenitukana. Bado aliniamini. Nikamweleza yote, nikamwambia gharama za gia boksi tutagawana nusu kwa nusu. Akakaa kimya kidogo.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, dada."

Nusu yangu nilituma. Alijibu "imefika", basi, hatujazungumza tena. Nusu ile ilitengeneza gia boksi. Sidhani kama ilitengeneza kingine.

Sasa natafuta gari jingine. Nitakwenda na fundi, na injini nitaikuta ya baridi. Lakini sitamuuliza muuzaji kama lina tatizo. Nitamuuliza, "Likikaa saa nzima kwenye foleni, linakuwaje?" Halafu nitasikiliza kwa makini, maana najua jibu la kweli linavyoweza kutumika.