Haki ya Mnyama Asiye na Sauti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya haya:

Katika watu waliozoea mbuzi na kuku, wako walioingia kufuga sungura, na jambo hili ni jema. Mwenye kiwanja kidogo asiyeweza ng'ombe hutengeza tundu chini ya mwembe, akakata majani, na jike huchukua mimba mwezi mmoja tu, akazaa watoto sita au wanane. Wala pasiwe na shaka katika kumla: ni halali katika madhehebu ya Imamu Shafi'i. Bukhari na Muslim wamepokea ya kuwa Anas bin Malik alimshika sungura Marr al-Dhahran, karibu na Makka, Abu Talha akamchinja, akampelekea Mtume (s.a.w.) mapaja yake, naye akayapokea.

Lakini lililo gumu si kumla, ni kumweka. Mbuzi akiwa na njaa hulia, jirani akasikia, akamlaumu mwenyewe. Sungura hukaa kimya na kiu yake ndani ya tundu, na joto la kaskazi likimzidi hufa vivyo hivyo, mwenyewe akasema, "Ajali yake imefika." Je, ni ajali tu, au analo la kuulizwa?

Huenda mtu akasema: Mnyama huyu thamani yake ni chache, na mwisho wake ni kisu. Hoja hii haisimami. Ruhusa ya kuchinja si ruhusa ya kutesa. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj ya kuwa ni wajibu wa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa amlishe, au amuuze, au amchinje akiwa ni wa kuliwa. Wanavyuoni wa madhehebu haya wamefika hata kwa nyuki, wakasema waachiwe asali mzingani wanapoihitaji. Naye Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa mwaka 660 Hijria (1262), amehesabu katika haki za mnyama kumtunza hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena. Na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia asimlishe, haikutazamwa bei ya paka.

Kadhi aweza kumlazimisha mwenye ng'ombe, kwani watu huona. Tundu lililo nyuma ya nyumba halina shahidi ila Mwenyezi Mungu, na hapo ndipo amana ya mtu hupimwa. Basi mwenye kusafiri kwenda harusini na aache mtu wa kutia maji. Jike aliyezaa apumzishwe, asipandishwe tena kwa tamaa ya hesabu. Na asiyeweza kuwakatia majani kumi, afuge wawili. Kwani wingi usiotunzwa si mali, ni deni, na deni la asiyeweza kudai hapa duniani hudaiwa kwa ajili yake kesho.

Wallahu aalam.