Uaminifu Usiobagua

Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako hutajwa upesi kila usaliti unapofichuka, na saratani huelekea kuistahili kuliko maradhi mengi. Ndui ilitoka nje. Malaria huletwa na mbu. Lakini chembe za saratani ni za mwili wenyewe, zilizoacha mwendo wake na kukataa kufa kwa wakati wake. Hata hivyo, katika shauri hili yupo mshitakiwa wa pili, mdogo zaidi, ambaye kumhukumu ni kazi ngumu zaidi. Naye ni chembe sahani za damu.

Chembe hizi ni vipande vidogo vilivyomeguka kutoka chembe kubwa za uboho wa mifupa. Hazina kiini, na umri wake hauzidi siku kumi hivi. Katika milimita moja ya mchemraba ya damu hukutwa baina ya 150,000 na 400,000. Giulio Bizzozero wa Turin alieleza mwaka 1882 jinsi zinavyokusanyika penye jeraha la mshipa: hujibandika hapo, hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kuwa msingi wa donge lizibalo tundu. Pasipo chembe sahani, mtu angeweza kufa kwa kung'olewa jino.

Shaka juu yake ilianza zamani. Mwaka 1865 Armand Trousseau, tabibu mashuhuri wa Paris, aliwafundisha wanafunzi kwamba donge la damu litokealo mshipani pasipo sababu dhahiri huweza kuwa dalili ya saratani iliyojificha. Miaka miwili baadaye aliliona donge la namna hiyo katika mwili wake mwenyewe, akaelewa maana yake, na mwaka uo huo wa 1867 alifariki kwa saratani. Kwa muda mrefu donge lilihesabiwa kuwa dalili tu. Mwaka 1968, huko Marekani, Gabriel Gasic na wenziwe walipunguza chembe sahani katika damu ya panya, wakaona saratani ikishindwa kusambaa kama ilivyozoea. Kumbe dalili ilikuwa na mkono katika jambo lenyewe.

Mkono huo sasa unajulikana kwa sehemu kubwa. Chembe ya saratani iliyobanduka katika uvimbe na kuingia damuni imeingia mahali pa hatari: mkondo huivuruga, na chembe nyeupe za ulinzi huiwinda. Nyingi huangamia humo. Lakini juu ya ngozi yake mna vitu viamshavyo mgando, na chembe sahani zikivigusa hufanya kama zifanyavyo penye jeraha lolote: huizingira na kuifunika. Aliyekuwa mtoro sasa amevaa joho la walinzi. Zaidi ya hayo, chembe sahani humwachia alama zake mwenyewe, zile ambazo kwazo mwili huwatambua wenyeji, na wawindaji hupita kando. Kisha humsaidia kunata katika ukuta wa mshipa, na kummiminia dawa zilizowekwa kwa ajili ya kuponya vidonda, ambazo humwongezea uwezo wa kupenya na kuhamia kiungo kingine. Harold Dvorak aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Na kidonda kisichopona hakiachi kuita wauguzi.

Je, huu ni usaliti? Msaliti huwajua mabwana wawili na kumchagua mmoja. Chembe sahani haichagui. Tendo litendwalo kwa saratani ndilo litendwalo kwa kidole kilichokatwa na kisu. Tofauti i katika mtendewa, si katika tendo. Yamkini mtu atasema kuwa ni heri basi mlinzi huyu angejifunza kuuliza kabla ya kutenda. Lakini damu imwagikayo haingoji maswali. Mlinzi ambaye angemtaka kila mgeni aonyeshe hati yake angefika penye jeraha wakati mwenye mwili amekwisha kufa. (Wapendao kusema kuwa haraka haraka haina baraka hawakuwa wakiufikiria mshipa uliopasuka.) Kutobagua, basi, si doa lililoingia katika wema wa chembe hizi, ni bei ambayo wema huo ulinunuliwa kwayo.

Neno msaliti lina madhara yake, maana msaliti huondolewa. Anayeziondoa chembe sahani humkabidhi mgonjwa kwa kifo kingine, cha kuvuja damu. Aspirini, ambayo huzipunguzia nguvu bila kuziua, ilitia matumaini: majaribio yaliyokusanywa na kuchapishwa mwaka 2012 yalionyesha saratani ikisambaa kwa uchache miongoni mwa wanywaji wake. Lakini mwaka 2018 jaribio la wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani lilionyesha wanywaji wakivuja damu zaidi, na vifo vya saratani vikizidi kwao. Mwaka 2025 watafiti wa Cambridge walieleza, kwa kazi iliyofanywa katika panya, jinsi aspirini inavyozuia kemikali ya chembe sahani iitwayo tromboksani, ambayo huzilaza chembe za ulinzi. Wengine hutafuta dawa ya kuushika ule mkono tu ushikao saratani. Shida ni kwamba mara nyingi mkono huo ndio ushikao jeraha.

Wakati huo huo, dawa kali za saratani huukausha uboho, na hesabu ya chembe sahani huweza kushuka chini ya 10,000. Hapo tabibu hangoji damu ianze kutoka. Huagiza mfuko wa chembe sahani, maji ya rangi ya manjano yaliyotolewa na mtu mwingine mwenye afya, akautundika juu ya kitanda cha mgonjwa yule yule wa saratani, naye anajua vema ziwezalo kufanya zikifika ndani.