Wajibu Wetu kwa Kilichochakaa

Mwenye kumiliki kitu hudhani kuwa haki zote ziko upande wake. Amekinunua kwa fedha yake, hukitumia apendavyo, na siku kikichakaa hukitupa. Kitu hakina ulimi wa kushtaki. Walakini liko swali linalostahili kuulizwa: je, kilichochakaa chatudai lolote kabla hatujakitupa? Wako wasemao kuwa kutengeneza ni busara ya maskini, na mwenye uwezo hana haja nayo. Wako wasemao kuwa ni wema usio na mpaka, na kila kitu hakina budi kutengenezwa. Naona kuwa wote wawili wamekosa, na nitaeleza sababu kwa kisa kidogo kilichonipata mwenyewe.

Sehemu moja ya kazi yangu ni kusikiliza kanda za mazungumzo ya wazee na kuyaandika neno kwa neno. Kwa kazi hiyo natumia hedifoni zenye mito miwili ya duara inayozunguka masikio. Mito hiyo ilianza kubambuka. Gamba lake halikuwa ngozi ya mnyama. Lilikuwa ngozi ya bandia ya poliurethani, dutu ambayo asili yake ni kazi ya Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani katika mwaka 1937. Adui yake mkubwa ni unyevu. Maji yaliyomo hewani na katika jasho hukata minyororo ya chembe zake kidogo kidogo, na katika joto la pwani yetu maangamizi hayo huenda upesi. Kila jioni nilikuta magamba meusi shingoni na katika ukosi wa shati. Niliyapangusa nikaendelea. Nilidhani kuwa mto ni jambo la starehe tu, na kuwa mwanachuoni hapaswi kujali starehe.

Katika hali hiyo niliandika kanda ya mzee mmoja aliyekuwa kuli katika bandari ya Dar es Salaam. Alisimulia habari za mwaka 1947, mwaka ambao makuli wa bandari ile waliweka kazi chini. Mzee alikuwa amekwisha fariki, nami nikampelekea binti yake nakala ya maandishi. Baada ya siku chache mama huyo alikuja ofisini kwangu. Alinisalimu, akaketi, akafunua karatasi, akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Mwalimu," alisema, "hapa umeandika kuwa baba alisema, 'Basi sisi tulikoma.' Niwie radhi, lakini baba yangu hakuwa mtu wa kukoma."

Tuliisikiliza kanda pamoja kwa spika iliyokuwa mezani. Mzee alisema, "Basi sisi tuligoma." Tofauti ni ya herufi moja, walakini kati ya mtu aliyegoma na mtu aliyekoma pana umbali mkubwa. Mmoja amesimama, mwingine ameinama. Kwa kalamu yangu nilikuwa nimemwinamisha marehemu mbele ya wajukuu wake. Nilimwomba mama yule radhi, naye akanipa. Mimi sikuweza kujipa upesi kama alivyonipa yeye.

Nilipotafuta sababu niliiona. Katika hedifoni za namna hii mto una kazi mbili. Ya kwanza ni kulikinga sikio na ugumu. Ya pili ni kuziba nafasi iliyo baina ya sikio na kifaa. Mto ukipasuka na sponji yake ikilala, sauti nzito huvuja nje na kelele za nje huingia ndani. Na ule mtetemo wa koo unaoitenga sauti ya g na ya k umo katika sauti nzito. Nilichokiita starehe kilikuwa sehemu ya usikivu wenyewe. Hata hivyo sitaubebesha mto lawama yote. Mto ulinionya kwa magamba yake miezi mingi, nami nilijipangusa tu.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kuzitupa hedifoni. Ndipo nilipolikumbuka kochi la mama yangu. Kochi hilo lilipobonyea, sote tulisema limekwisha. Mama alitukataza kulitoa nje kabla ya kulifungua. Tulipong'oa kitambaa tulikuta mbao za mninga zi nzima, mikanda ya chini imekatika, na usumba umegeuka vumbi. Basi hukumu zikawa tatu: mbao zilibaki, mikanda ilibadilishwa, usumba ulitupwa. Kama tungelihukumu kochi kwa sura yake, tungalitoa hukumu moja, nayo ingalikuwa dhuluma kwa mbao.

Nilizifungua hedifoni. Vipaza sauti vyake vilikuwa vizima. Nilibambua gamba lililooza, nikakata sponji mpya, nikaivika kitambaa cha pamba na kukishona kwa mkono. Masikio yalifurahi, lakini sauti nzito haikurudi, kwa kuwa hewa ilipita katika nyuzi za kitambaa. Nilifumua nikashona tena kwa kipande cha ngozi laini isiyopitisha hewa. Sponji nayo ilikuwa nene mno, ikakiweka kipaza sauti mbali na sikio, nikaipunguza. Kazi ilichukua jioni tatu. Mshono wake hauna uzuri wa kusifiwa, walakini nilipoirudia kanda ya mzee, alisema "tuligoma" bila ya shaka yoyote.

Mtu aweza kunipinga kuwa jioni tatu za mwalimu zina thamani kuliko mito mipya. Yamkini ni kweli. Mwingine aweza kusema kuwa mwenye kushona nyumbani humnyima fundi makochi riziki yake. Neno hilo nalo lina uzito. Lakini mimi sidai kuwa kila mtu ashone mwenyewe, wala kuwa kila kitu kishonwe. Nadai kuwa tufungue kabla ya kuhukumu. Aliyekwisha fungua aweza kumpelekea fundi kazi yake, na atamlipa bila ya kumpunja, maana ameijua taabu iliyomo. Aweza pia kutupa, na kutupa kwake kutakuwa kwa haki. Mwenye kuvika kitambaa kipya juu ya usumba uliooza hakutengeneza, amedanganya. Mwenye kutupa mbao nzima kwa ajili ya kitambaa kilichochanika naye amedanganyika. Wote wawili wamekomea juu ya gamba.

Hapa pana mpaka ambao sina budi kuutaja. Wepesi wa ulimi hutushawishi kusema kuwa binadamu naye ni kama kochi, na kuwa mzee aliyechakaa nje huenda akawa mzima ndani. Mfano huo ni wa hatari. Kitu kikifunguliwa na kuonekana kimeoza chote, chafaa kutupwa. Mtu hafai kutupwa kwa hali yoyote, awe mzima ndani au asiwe. Thamani yake haingoji uchunguzi wetu. Kitu chatudai kuchunguzwa, lakini mtu atudai zaidi ya hayo.

Na katika kisa changu madai hayo mawili yalikutana. Nilipoudharau mto sikuudhulumu mto, maana mto hauna moyo wa kuumia. Nilimdhulumu mzee ambaye neno lake lilipita katika mto huo, na binti aliyekuja kulitetea. Vitu vyetu vingi viko hivyo: nyuma yake yuko mtu. Nakala ya maandishi imekwisha sahihishwa, na mama yule anayo. Mimi ninazo hedifoni zenye mshono uliopinda, na kila nizivaapo hupitisha kidole kwanza kando ya mito, kutazama kama imeanza kubambuka.