Elimu ya Mungu ni ya Nani?

Mkatekumeni wa kijijini husikia maneno mengi mazito katika mafundisho: Utatu, neema, sakramenti, umungu na ubinadamu wa Kristo. Huyashika moyoni, na siku ya mtihani huyajibu pasipo kukosea, akasifiwa. Lakini arudipo nyumbani kwake huenda akajiuliza kwa siri: Maneno haya yamhusu nini mtu wa jembe? Naye, kwa kuona haya, hulinyamazisha swali lake. Hapo ndipo hatari ilipo. Swali lililonyamazishwa halifi. Limelala tu, nalo huamka siku ya msiba.

Basi yafaa kuuliza waziwazi: Elimu ya Mungu, ile iitwayo teolojia, je, ni mali ya mapadri na wasomi wa vyuo vikuu peke yao? Au hata mtu asiyejua kusoma ana fungu lake ndani yake? Na ikiwa analo, atalipataje?

Kwanza ijulikane kwamba kuuliza si kukosa imani. Bikira Maria, alipoletewa habari na malaika, aliuliza jambo lile litakuwaje. Wala hakukemewa, bali alijibiwa. Mwanamke Msamaria alikutana na Bwana Yesu kisimani. Maongezi yao yalianza na maji ya kunywa, yakaenda yakafika kwenye ibada ya kweli ambayo Baba aitaka. Na yule mtu mkubwa wa Ethiopia aliyesoma kitabu cha Isaya garini mwake alikiri kwamba hawezi kufahamu pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo hakumpa kitabu kingine. Alipanda, akaketi karibu naye, akaanza pale pale penye swali lake. Mwisho wa safari ile ulikuwa Ubatizo. Wahenga nao walisema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Jambo hili Kanisa la Afrika lilikwisha kulijua tangu zamani. Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias, alimlalamikia Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hipo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wale waliokuja mara ya kwanza kutaka kuwa Wakristo. Alihuzunika kwa sababu mafundisho yake yalikuwa marefu na baridi, hata yeye mwenyewe yalimchosha. Agostino, aliyekuwa msomi mkubwa, alimwandikia kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Alimshauri amwulize kwanza mgeni wake sababu iliyomleta. Amwulize pia kama amefahamu. Na akimwona amechoka kwa kusimama, ampe mahali pa kuketi. Hata kiti ni sehemu ya mafundisho! Maana mwenye miguu inayouma hasikii habari za mbinguni.

Na wasomi wenyewe hupata elimu yao kwa kuzungumza. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, mji ulioitwa Leopoldville wakati ule, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alijadiliana mbele ya watu na mwalimu wake, Padri Alfred Vanneste, mkuu wa kitivo cha teolojia. Tshibangu alisema kwamba teolojia yenye sura ya Kiafrika yawezekana. Vanneste alishika kwamba teolojia, kwanza kabisa, ni moja kwa watu wote. Mwanafunzi hakufukuzwa kwa sababu ya kubishana na mwalimu; baadaye alifanywa askofu. Maswali ya namna hiyo hayakubaki chuoni. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa siku zile. Katika Misa hiyo wazee waliotangulia, wale wa moyo mnyofu, hukumbukwa pamoja na watakatifu. Nayo toba hufanywa baada ya Neno la Mungu kusomwa na kuelezwa, kisha watu hupeana amani. Hivyo neno la wasomi lilishuka hadi kwenye benchi la kanisa la kijiji.

Lakini elimu hupimwa kwa mambo mazito ya maisha. Iga Barrière iko kando ya barabara itokayo Bunia kwenda kaskazini, katika eneo la Djugu, huko Ituri. Nchi hiyo imeona machozi mengi. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwatenga hasa Wahema na Walendu, watu ambao katika Djugu wengi wao husema lugha moja. Tena tangu mwisho wa mwaka 2017 mapigano yalizuka upya, nyumba zikachomwa, watu wakakimbia. Mahali kama hapo, fundisho la kusamehe si fundisho jepesi. Ichukuliwe, kwa mfano, mama mkatekumeni anayebaki nyuma baada ya mafundisho ili aseme na katekista.

“Mwalimu,” asema, “kila jioni nasali Baba Yetu. Nikifika mahali pa kusamehe, ulimi wangu wasita. Waliochoma nyumba yetu nawajua kwa sura. Nikisikia majina yao, moyo wawaka. Je, mimi ni mwongo mbele ya Mungu?”

Katekista mwenye haraka angejibu: “Asiyesamehe hasamehewi, mama,” akafunga daftari lake. Neno hilo ni kweli, lakini mama angekwenda na mzigo mara mbili. Katekista mwenye busara huuliza kwanza.

“Mama, kama ungepata nafasi ya kuchoma nyumba yao, ungeichoma?”

“Hapana, Mwalimu. Mle ndani mna watoto.”

“Na mtoto wao akija mlangoni pako ana kiu, utamnyima maji?”

Mama anyamaza kitambo. “Nitampa. Lakini mkono utatetemeka.”

“Basi, mama, mkono unaotetemeka na bado ukatoa maji, huo umeanza kusamehe.”

Katekista huyo hakubuni jibu lake. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alifundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Alitenganisha pia hisia zinazozuka zenyewe na utashi, ndio uwezo wa mtu wa kuamua. Moto wa hasira unaowaka moyoni pasipo kuitwa si sawa na kusudi la kulipiza kisasi. Maneno ya chuo hayo! Lakini yameshuka yakawa kikombe cha maji, nayo yameondoa juu ya bega la mama mzigo ambao Mungu hakumtwika.

Mama auliza tena: “Kusamehe, je, ni kusema kwamba hawakukosa? Nisiende mbele ya baraza?”

“La, mama. Kama hapana kosa, hapana la kusamehe. Kweli na isemwe, na haki itafutwe kwa njia iliyo halali. Linaloachwa ni kisasi. Nawe uwaombee.”

“Niwaombee nini?”

“Uwaombee mvua shambani mwao.”

“Hilo ni zito, Mwalimu. Nitaanza na yale maji.”

Hapo katekista naye amefundishwa. Alijua kwamba neema huinua utashi wa mtu. Mama amemwonyesha kwamba huuinua hatua kwa hatua. Ndiyo maana Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza ukatekumeni wa miaka minne. Moyo haugeuzwi kwa juma moja.

Ili mazungumzo ya namna hii yazae matunda, yapaswa kushika mambo matatu. La kwanza, anayeuliza asichekwe, awe mzee au mtoto. Swali lililochekwa mara moja halirudi tena.

La pili, neno zito lishushwe, lakini lisipunguzwe. Yafaa kusema kwamba mafiga matatu hubeba chungu kimoja, ili mtu aanze kuufikiria Utatu Mtakatifu. Lakini mara aambiwe pia mpaka wa mfano: mafiga ni mawe matatu, bali Mungu ni mmoja tu katika Nafsi tatu. Mfano ni ngazi ya kupandia, si nyumba ya kukaa. Anayemwachia mkatekumeni mfano bila mpaka wake hakumrahisishia imani, amempa nyingine.

La tatu, mazungumzo juu ya imani si baraza la kupiga kura. Watu hukutana katika shirika lao wapate kuifahamu imani iliyopokewa toka kwa Mitume, si kuitunga upya. Katekista asipojua jibu, na aseme hajui, kisha aende kumwuliza padri na kulileta jibu. Hatapoteza heshima kwa hayo. Heshima hupotea anapolijaza pengo kwa maneno ya kubahatisha.

Hivyo elimu ya Mungu si mali ya wasomi peke yao. Wao huilinda na kuichunguza, nayo ni kazi kubwa, kwa maana bila wao mama yule angejibiwa vibaya. Lakini inawafikia watu pale tu mmoja anapokubali kuuliza na mwingine kukubali kuketi. Mkatekumeni aliye na swali asiende nalo nyumbani siku ya mafundisho. Na abaki kidogo, alitoe.